Kuvu ndani ya nyumba za Mombasa: tafuteni maji kwanza, rangi baadaye

Mwanzisha uzi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Masika yameshika, na kila mwaka mwezi wa Mei unapofika malalamiko huwa ya namna moja: ukuta wa chumbani umeota madoa meusi, nguo zilizomo kabatini zinanuka, dari ya choo imegeuka kijani, na rangi iliyopakwa mwaka jana inabanduka kwa mapande. Kazi yangu ni kusimamia ujenzi na ukarabati wa nyumba kisiwani hapa na pande za Kisauni na Likoni, na nimeona niyaweke kwa kirefu yale ambayo kila mara huyaeleza kwa vipande, ili mwenye nyumba na mpangaji wayasome kabla hawajanunua kopo la rangi.

Nianze na lile ambalo mengine yote yanalitegemea. Kuvu haiji kwa sababu nyumba ni chafu, wala haiondoki kwa sababu ukuta umepakwa upya. Vijimbegu vyake, yaani spora, vimo hewani kila mahali, ndani na nje, katika jumba la Nyali na katika chumba cha kupanga cha Majengo, na hakuna awezaye kuvimaliza. Vikishatua vinahitaji hewa, joto la kadiri, chakula na maji. Joto letu, ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 22 na 33, linaifaa kuvu mwaka mzima. Chakula chake ni chochote chenye asili ya mmea au mnyama: mbao, karatasi, pamba, ngozi, gundi, karatasi inayofunika mbao za jipsamu, hata vumbi lililoganda juu ya rangi ya plastiki. Katika hayo yote, kitu ambacho mwenye nyumba anaweza kukizuia ni maji. Kwa hiyo anayesimama mbele ya ukuta wenye kuvu na kuuliza dawa ya kupaka ameruka swali la kwanza, nalo ni maji haya yanatoka wapi.

Shirika la Marekani la kulinda mazingira linashauri unyevu wa hewa ya ndani ukae chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Ushauri huo unanakiliwa kila mahali, lakini ni lazima tuseme wazi kwamba nyumba ya Mombasa yenye madirisha wazi haiwezi kuufikia, kwa sababu hewa ya bahari inayotuzunguka mara nyingi huwa na unyevu wa asilimia 70 na zaidi, na alfajiri za masika hupanda juu ya hapo sana. Kuvu huanza kuota pale ambapo uso wa ukuta au wa kabati umekaa kwenye unyevu wa asilimia 80 hivi kwa muda wa kutosha. Sisi basi tunaishi jirani na mpaka huo siku zote, na kitu kidogo tu, kama bomba linalotona ndani ya ukuta, sufuria inayochemka jikoni pasipo na dirisha, au kanga zilizoanikwa chumbani kwa sababu ya mvua, hutosha kutuvusha. Hii ndiyo sababu nyumba mbili za mtaa mmoja, zilizojengwa na fundi mmoja, moja huota kuvu na nyingine haioti.

Maji huingia kwa njia nyingi, na kila njia ina alama yake. Yale ya juu huacha doa la mviringo la rangi ya kahawia kwenye dari, lenye ukingo uliokolea. Hapa kwetu chanzo chake mara nyingi si mvua. Maji ya mfereji huja kwa mgao, kwa hiyo kila nyumba ina tangi juu ya slabu, na floti ya tangi ikifa maji humwagika usiku kucha siku ya mgao, hutuama juu ya slabu isiyo na mteremko na kushuka polepole ndani ya zege. Watu huita fundi wa paa, naye hutafuta ufa asiuone, kwa sababu tatizo ni floti. Anayeshuku tangi aweke alama ya kiwango cha maji wakati wa kulala, afunge mifereji yote, kisha atazame asubuhi.

Maji ya ubavuni huja na kusi. Mvua za masika husukumwa na upepo unaotoka kusini mashariki, kwa hiyo ukuta unaotazama upande huo ndio unaopigwa, na madoa hujitokeza kwenye pembe za madirisha na mahali ambapo plasta ya nje imepasuka. Maji ya chini hupanda kutoka ardhini kwa sababu mawe na plasta huyanyonya kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Yakikosa tabaka la kuzuia unyevu, lile mafundi wanaloliita DPC, hupanda hadi kimo cha mita 1 hivi na kuacha mstari kama wa maji kupwa, rangi chini ya mstari ikichomoka na plasta ikifanya unga.

Hapo penye unga ndipo watu wengi hukosea utambuzi. Si kila kilichotokea ukutani ni kuvu. Unga mweupe unaometameta, wenye vijisindano vidogo, ni chumvi iliyoletwa na maji kutoka ndani ya ukuta, na mara nyingi imetoka kwenye mchanga wa pwani uliotumiwa bila kuoshwa. Utie tone la maji: chumvi huyeyuka ikapotea, kuvu hubaki. Doa jeusi juu ya jiko huenda likawa masizi. Litie tone la dawa ya klorini, likipauka baada ya dakika chache ni kuvu, lisipopauka ni masizi au uchafu mwingine. Pia kuna harufu, ile ya udongo mbichi na nguo zilizofungiwa, ambayo mtu akiisikia pasipo kuona doa lolote yafaa avute kabati, ainue zulia na kutazama nyuma ya godoro.

Kuna jaribio ambalo halina gharama na ambalo nawaomba kila mmoja alifanye kabla ya kuita fundi. Kata kipande cha nailoni cha futi 2 kwa futi 2, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha mwanya, kisha kiache kwa siku 1 au 2. Ukikuta umande upande unaotazama chumba, maji yanatoka hewani, na dawa yake ni kupitisha hewa na kupunguza mvuke. Ukikuta ukuta umelowa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta, na hapo feni na madirisha hayatakusaidia mpaka bomba, paa au msingi ushughulikiwe. Kipande hicho cha nailoni kimewaokolea watu wengi pesa walizokuwa karibu kuzitumia mahali pasipostahili.

Sasa kusafisha. Eneo lisilozidi mita 1 ya mraba hivi mtu anaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi sana hapo, au kama maji yaliyoingia yalichanganyika na ya choo, atafutwe mtu mwenye vifaa. Vaa barakoa ya N95, kwa kuwa ya kitambaa haizuii spora, pamoja na glavu za mpira na miwani isiyo na matundu. Funga mlango, zima feni na kiyoyozi, ondoa watoto. Usifagie wala kusugua kuvu ikiwa kavu, kwa sababu huwa unairusha hewani nyumba nzima. Ilowanishe kwanza kwa maji ya sabuni yanayopulizwa taratibu, kisha isugue kwa brashi na sabuni, uipanguse kwa tambara, na tambara hilo uliweke ndani ya mfuko na kuufunga. Halafu kausha. Kukausha ndiyo nusu nzima ya kazi hii, na ndiyo nusu inayoachwa.

Vigae, vioo, chuma na plastiki husafishika. Godoro la sponji, mbao za jipsamu, dari za sofbodi na zulia lililokaa na maji havisafishiki, kwa sababu nyuzi za kuvu zimeingia ndani ambako brashi haifiki. Najua uzito wa kumwambia mtu atupe godoro, lakini kulala juu yake ni kuvuta spora usiku kucha. Ndiyo maana kasi ina thamani: kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48 kwa kawaida hakiwahi kuota. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoingia nyumbani mwa watu hapa pwani, waliotoa magodoro na mazulia nje siku ile ile walisalimisha vitu ambavyo waliongoja wiki walivipoteza.

Mpangaji wa Bamburi

Shukrani kwa maelezo haya. Mimi naishi ghorofa ya tatu, juu yangu kuna ghorofa nyingine mbili, hakuna bomba linalopita chumbani na mvua haigusi ukuta wangu. Hata hivyo kuvu imeota nyuma ya kabati katika chumba chenye kiyoyozi, na zaidi ya hayo imeota upande wa pili wa ukuta huo, sebuleni, ambako hakuna kiyoyozi kabisa. Nilidhani kiyoyozi kinakausha hewa. Maji haya yametoka wapi?

Mwanzisha uzi

Ndugu, yametoka hewani, na nyumba za namna yako zinaongezeka kila mwaka kadiri viyoyozi vinavyoongezeka.

Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hewa yetu ya kawaida, ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini ya hapo huanza kuacha maji juu yake. Ukiweka kiyoyozi kwenye nyuzi 18 au 20 usiku kucha, ukuta wenyewe hupoa, na upande wa sebuleni, ambako hewa ya nje inaingia kwa madirisha, ukuta huo huwa baridi kuliko kiwango hicho. Hewa ya sebuleni ikiupita inatoa umande, hata kama ni kidogo usioonekana kwa macho. Nyuma ya kabati ni hivyo hivyo: hewa haizunguki, ukuta umepoa, na kila mlango unapofunguliwa hewa mbichi inaingia na kukaa pale.

Kiyoyozi hukausha hewa, ndiyo, lakini kwa sharti kwamba kinafanya kazi muda mrefu na chumba kimefungwa. Kikiwa kikubwa kuliko chumba, hupoza haraka na kuzimika kabla hakijavuta maji ya kutosha, na chumba hubaki baridi na kibichi, hali ambayo ni mbaya kuliko joto. Kiweke kwenye nyuzi 25 au 26. Usikitumie huku dirisha li wazi. Sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, na ikiwezekana ulipeleke kwenye ukuta wa upande mwingine. Angalia pia mpira wa kutolea maji wa kiyoyozi, kwa kuwa ukiziba kwa vumbi na utelezi maji hurudi ndani ya ukuta, na chujio lisiposafishwa mara kwa mara chombo chenyewe huwa ndicho kinachopuliza spora chumbani.

Jambo hili linagusa na ushauri tunaousoma kutoka nchi za baridi, kwamba fungua madirisha ukuta ukauke. Huko hewa ya nje wakati wa baridi ni kavu, kwa hiyo inakausha. Hapa, dirisha la alfajiri huingiza unyevu. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi, saa za kufungua kila kitu ni tangu jua likishapanda mpaka alasiri, wakati hewa ya nje iko kavu kadiri inavyoweza kuwa. Jikoni na bafuni ni tofauti: fungua wakati wowote unapopika au kuoga, kwa sababu mvuke wa sufuria ni mwingi kuliko wa hewa yoyote ya nje, na kama hakuna dirisha, iwekwe feni ya kutolea hewa inayoelekea nje ya jengo, si kwenye ukumbi wa ngazi.

Fundi wa rangi, Changamwe

Kaka, mengi uliyoyasema nayakubali, ila umeipita dawa ya klorini kwa haraka. Miaka yote mimi huanza kazi kwa Jik ukutani, weusi unaondoka palepale, kisha napaka rangi ya kuzuia kuvu. Wateja wanaridhika.

Mwanzisha uzi

Fundi, kwenye vigae na masinki dawa hiyo inafanya kazi vizuri, na sina neno. Kwenye plasta shida yake ni kwamba klorini hufanya kazi juu juu, huku maji iliyochanganywa nayo yakizama ndani ya plasta. Weusi unapauka, mizizi imebaki, nayo imenyweshwa. Kuna jambo jingine ambalo mteja hawezi kuliona: kuvu iliyokufa bado inamdhuru mwenye pumu, kwa sababu vinavyomchokoza ni vipande vyake, viwe hai au vifu. Hivyo ni lazima iondolewe kwa kusuguliwa na kupanguswa, haitoshi kuuawa ikaachwa pale chini ya rangi.

Anayeitumia asizidishe kikombe 1 kwa lita 4 za maji, afungue madirisha, na asiichanganye kamwe na kitu kingine. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Dawa ya klorini ikikutana na dawa za kusafishia choo zenye asidi, au hata siki, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine yenye sumu. Bafu zetu nyingi ni ndogo na zina dirisha la kiganja tu, na mtu aliyeinama humo akisugua anaweza kuzidiwa kabla hajaufikia mlango.

Rangi ya kuzuia kuvu ina kazi yake juu ya ukuta uliokauka. Juu ya ukuta unaolia, hata ile ya bei kubwa kabisa itavimba na kubanduka. Plasta mpya ya simiti nayo ingojwe wiki 4 hivi kabla ya kupakwa, na masika ingojwe zaidi. Najua wateja wanakuharakisha, hasa wenye nyumba wanaotaka mpangaji aingie mwisho wa mwezi.

Fundi wa rangi, Changamwe

Nimekuelewa kuhusu plasta. Nitaanza kubandika hiyo nailoni kabla ya kupatana bei.

Muuguzi

Naomba niongeze upande wa afya, kwa sababu kuna hofu isiyo na msingi na kuna uzembe usio na msingi, na vyote viwili tunaviona kliniki.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Ndani yake linasema wanaoishi katika nyumba zenye hali hiyo wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa na kifua, maambukizo ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu, na wala halikuweka idadi ya spora ambayo chini yake mtu yuko salama. Kwa hiyo hakuna haja ya kulipia vipimo vya kutambua aina ya kuvu. Ikionekana au ikinuka, iondolewe, iwe nyeusi, ya kijani au nyeupe. Ile nyeusi inayoogopwa mitandaoni, Stachybotrys, ilipata sifa yake baada ya watoto wachanga kutokwa damu mapafuni huko Cleveland, Marekani, katika miaka ya 1990, lakini mamlaka za afya za nchi hiyo zilipourudia uchunguzi mwaka 2000 zilisema uhusiano huo haukuthibitishwa. Rangi ya kuvu haikuelezi ukali wake.

Upande wa pili, mtu asidharau. Mwaka 2020 mtoto wa miaka 2 alifariki huko Rochdale, Uingereza, na uchunguzi wa kisheria uliotoa uamuzi wake mwaka 2022 ulisema chanzo ni maradhi ya pumzi yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu ambayo wazazi wake walikuwa wameilalamikia. Hapa kwetu ninaowahofia zaidi ni wenye pumu, watoto wachanga, wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka, wanaotibiwa saratani, na waliopona kifua kikuu. Hawa wa mwisho husahauliwa. Kifua kikuu huacha matundu mapafuni, na kuvu ya jamii ya Aspergillus inaweza kuota ndani ya matundu hayo na kuleta kikohozi cha muda mrefu, pengine na damu, kikadhaniwa kuwa ni kifua kikuu kilichorudi. Mtu wa aina hii asishike brashi; amwachie mwingine na ahame chumba mpaka kazi iishe.

Wengine huuliza kama kuvu ya ukutani ni ile ya sumukuvu ya mahindi, iliyoua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake mwaka 2004. Ile iliwaua kwa njia ya chakula, na ya ukutani humdhuru mtu kwa njia ya pumzi. Hata hivyo, stoo ya nafaka yenye ukuta mbichi inaleta hatari zote mbili, na gunia lisiwekwe chini wala kuegemezwa ukutani.

Bint wa Mji wa Kale

Ahsante sana dada muuguzi. Mwanzisha uzi, mimi nina suala la nyumba ya marehemu babu yetu, nyumba ya mawe na boriti. Wazee wanasema zamani haikuwa na kuvu. Baada ya kukarabatiwa kwa simiti na kupakwa rangi ya mafuta sebuleni ili iwe rahisi kufutwa, ukuta wa chini unavimba na kuna weusi pembeni mwa boriti. Tubomoe plasta yote?

Mwanzisha uzi

Bi, wazee wamesema kweli, na swali lako ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu nyumba hizi zilijengwa na watu walioijua hewa hii.

Ukuta wa babu yako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Ni mnene, na una matundu madogo yasiyo na idadi. Maji yakiuingia kutoka ardhini au kwa mvua, hutoka tena kwa njia ya mvuke, ndani na nje, kwa sababu plasta ya chokaa na chokaa ya kupaka haviyazuii. Tena chokaa mbichi ina ukali wa alkali ambao kuvu haiuwezi, na desturi ya kupaka nyumba chokaa kila mwaka, mara nyingi kabla ya Ramadhani au Idi, ilikuwa kinga ya kweli pamoja na kuwa pambo. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zimesimama kando ya maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 400.

Simiti ni ngumu na haipumui kiasi hicho. Ukiivika nje na rangi ya mafuta ndani, maji yaliyomo ukutani hayana pa kutokea ila juu zaidi, kwa hiyo hupanda mpaka yakazifikia boriti, na chumvi hukusanyika nyuma ya plasta ikaisukuma. Huo ndio uvimbe unaouona, na ndiyo sababu ya weusi kwenye boriti. Boriti za mikoko ni imara mno, lakini kichwa cha boriti kilichofungiwa ndani ya ukuta mbichi huoza, na dari ikianguka haitoi taarifa.

Msibomoe yote kwa mara moja. Anzeni kwa kuchoma ncha ya boriti kwa bisibisi mahali penye weusi; ikizama kwa urahisi, iwekwe nguzo chini yake siku hiyo hiyo. Kisha tafuteni maji: mfereji wa uani, shimo la maji machafu, mchirizi wa paa la jirani unaomwaga ukutani kwenu. Baada ya hapo ondoeni rangi ya mafuta, na plasta ya simiti iondolewe sehemu ya chini hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, ukuta uachwe ukauke katika msimu wa kaskazi, miezi ya Januari na Februari, wakati mvua ni haba, ndipo upigwe plasta ya chokaa. Ni kazi ya miezi, na fundi atakayekuahidi wiki moja usimpe. Kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, zungumzeni kwanza na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo inawajua mafundi wa chokaa waliobaki.

Mama wa Kisauni

Sisi wapangaji tufanyeje? Ukuta unalowa kutoka chooni kwa jirani wa juu, mwanangu ana pumu, na mwenye nyumba ameniambia nifungue madirisha.

Mwanzisha uzi

Pole sana mama. Chukua picha za ukuta zenye tarehe, fanya jaribio la nailoni ulipige picha nalo, kwa sababu litaonyesha kwamba maji yanatoka ndani ya ukuta wala si ya pumzi zenu, kisha mwandikie mwenye nyumba barua au ujumbe wa simu unaoweza kuuhifadhi, ukitaja bomba la juu, hali ya mtoto na siku unazompa. Akikaa kimya, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inalihesabu jengo lenye hali ya kudhuru afya kuwa ni kero, na afisa ana uwezo wa kumpa mwenye jengo ilani ya kuliondoa tatizo na kumfikisha mahakamani asipotii. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, nayo inataja haki ya makazi yanayofaa. Barua ya kliniki kuhusu pumu ya mtoto iambatanishwe.

Wakati unangoja, mtoto asilale chumba hicho. Ikiwa hakuna chumba kingine, kitanda kihamie ukuta ulio mbali kabisa na ule unaolowa, na pazia na nguo ziondolewe karibu nao.

Muuguzi

Mama, mlete pia mtoto apimwe upya. Dawa ya kuvuta inaweza kuhitaji kubadilishwa kwa muda ambao nyumba bado iko hivyo.

Maalim

Madrasa yetu ina kabati la misahafu na vitabu vya zamani, na kurasa zimeanza kuota madoa na harufu. Kuvisafisha kwa maji hatuwezi. Kabati limeegemezwa ukuta ambao upande wake wa pili kuna birika la kutawadhia.

Mwanzisha uzi

Maalim, vitabu hivyo vitengwe leo na vile vilivyo salama. Vipelekwe mahali pakavu penye upepo, kivulini, kwa kuwa jua kali huvunja karatasi na kufifisha wino, visimamishwe wima kurasa zikiwa zimeachana kidogo. Vikishakauka kabisa, na harufu imepungua, vifutwe nje ya jengo kwa brashi laini kama ya kupakia rangi, ukurasa kwa ukurasa, brashi ikielekea upande wa nje, anayefuta akiwa na barakoa ya N95. Kilicholowa mpaka kurasa zimeshikana kisilazimishwe kufunguka. Kifungwe kwenye mfuko na kuwekwa ndani ya friza, ambako kuvu husimama, mpaka apatikane mtu wa kukishughulikia taratibu. Madoa yaliyokwisha kuingia kwenye karatasi hayatatoka, na asijaribu mtu kuyatoa kwa dawa.

Kabati lenyewe lifutwe kwa sabuni, likaushwe juani, kisha lirudi kwenye ukuta wa mkabala, likiwa na miguu na nafasi ya vidole vinne nyuma yake, na milango iachwe wazi kila siku baada ya adhuhuri. Ukuta wa birika ufanyiwe jaribio la nailoni kwa upande wa darasani, na mfereji wa birika ufungwe usiku mmoja ili ionekane kama mita ya maji bado inazunguka.